Krike, Rugbi na Mbuzi ya Bukwe: Tata Kisimba Anaacha Magazini

Tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita mwaka huu wa 1989, saa ya kufunga mulango ya magazini, ghala kubwa ya bifaa ya mugodi, citoyen (mwananchi) Kisimba Mukalay ataweka funguo zake juu ya kontwari na hatazikamata tena. Alianza kazi pale mwaka 1963. Ni miaka makumi mbili na sita. Kuna batu mu Kolwezi hii bamezaliwa, bamesoma, bameoa, bamegombana na babibi zabo na kusikilizana tena, na muda ile yote Tata Kisimba alikuwa paka fasi moja tu, nyuma ya kontwari, penseli ku sikio.

Kamati ya gazeti ilitafuta mutu wa kuandika wasifu hii. Bale ba diplome balikuwako, habakukosa. Lakini kamati iliona kama diplome haimujui Tata Kisimba, mi njo namujua. Mi ni Muamba, wa upande ya buloni na misumari. Nilifanya naye kazi, nilicheza naye mupira, tena bibi yake ni mutoto wa dada yangu: mi njo manseba, ni kusema mujomba wa bibi. Ku masomo nilifika mwaka ya tano. Mwalimu aliona kama ya sita haitaniongezea kintu. Basi musome bila woga.

Tata Kisimba alizaliwa ku kaskazini, lakini alikulia Luanshya, ng'ambo ya mupaka, fasi tata yake alikuwa mushonaji wa nguo ku mugodi ya Baingereza. Kule njo aliona batu bamevaa nguo nyeupe, bamesimama mu majani sawa batu benye kungojea treni. Mumoja anatupa mupira mugumu, mwengine anaupiga na ubao, na wa tatu anawekwa nyuma ya bijiti bitatu ili asilale. Mchezo ile njo krike, kriketi ya Baingereza. Bazungu balicheza mbele ya uzio. Bapishi na bashonaji balicheza nyuma ya uzio, na ubao ya sanduku ya chai. Nyuma ya uzio njo kulikuwa mchezo ya kweli. Krike haina haraka: inaanza asubui, batu bakunywe chai, bakule, bapumzike, na mangaribi ikifika hakuna ata mumoja mwenye kujua nani ameshinda.

Rugbi nayo aliipata hapa hapa kwetu, kwa bacoopérants, balimu Bafaransa benye shingo kubwa kupita kichwa. Balileta mupira ya sura ya yai. Mupira ya muviringo inajua kwenye inaenda; ile ya yai, ata yenyewe haijui. Batu bainame, bashikane mabega, basukumane kichwa kwa kichwa: kintu ile inaitwa mele. Siku ya kwanza, mama mumoja alipita na kuni, akaona mele, akatupa kuni chini na kuanza kulalamika kama banaua mutu. Haikuwa uongo. Mutu wa chini kabisa nilikuwa mi.

Basi jueni kama mu Kolwezi yote, labda mu Shaba yote, na kama mutanisukuma nitasema mu Zaïre yote, hakuna mutu mwengine mwenye kucheza krike siku ya posho, Jumamosi, na rugbi siku ya Mungu, Jumapili, kisha siku ya kazi ya kwanza akafungua magazini mbele ya king'ora. Nguvu yake ilikuwa ya kutisha. Siku moja alipiga mupira ya krike, ikapita juu ya magazini, ikaingia mu wagon wazi ya treni ya Mutshatsha. Tulibaki tunaangalia moshi. Wiki ingine mashinisti aliirudisha, amekasirika, juu ilivunja chupa yake ya chai. Mi nilikuwa nyuma ya bijiti, upepo yake ilinipita ku sikio. Bengine benye baliona bamehamia Likasi, kwa hiyo muniamini mi.

Na mikono ile ilisaidia kazi. Sanduku ya ampuli za taa ilianguka kutoka rafu ya juu. Tata Kisimba aliikamata na mukono wa kushoto, na mukono wa kuume iliendelea kuandika. Hakuna ampuli ilipasuka. Mukubwa wa magazini alimuuliza kama alisomea wapi kukamata vile. Akajibu: "Nyuma ya uzio, tata." Mukubwa aliandika kama ni jina ya kituo ya mafunzo.

Sasa tufike mwaka 1972, juu bila mwaka ile Tata Kisimba angestaafu bila bibi.

Alikuwa ameshapita miaka makumi tatu na kitu, na alikuwa anajipikia bukari, ugali yetu, mwenyewe, bukari ya kuvunja meno. Mwanamuke yeye alimutaka ni mumoja tu: Tshiela, mushonaji wa nguo, mutoto wa dada yangu Kanku na bwana yake Tata Badibanga. Tshiela naye alimutaka. Alikuwa anamushonea suruali ya rugbi, na suruali ya rugbi haishonwi na mutu asiyependa. Kizuizi ilikuwa Badibanga. Mutu mukubwa, kapita, musimamizi wa bafanyakazi ku fonderi, kwenye banayeyusha shaba, tena shemashi ku kanisa, mwenye kukohoa mbele ya kusema ili muketi muzuri.

Tulimuendea mara ya kwanza. Alikataa. Tulimuendea mara ya pili. Alikohoa, akasema: "Muamba, shemeki yangu, mulete mutu. Ule anacheza na panzi."

Mutaelewa kosa. Mu kifaransa, krike ni panzi, ni nzige, ile ya kuruka mu majani. Mu kizungu ya Luanshya, kingereza, krike ni mupira. Ku maandiko labda bitu hibi binaachana, lakini ku masikio ni kintu kimoja, na Badibanga alikuwa anasikia na masikio. Katika kichwa yake, Kisimba, mwanaume wa mifupa minene vile, kila siku ya posho alikuwa anavaa nguo nyeupe na kufukuza panzi.

Nilimueleza. Nilichora bijiti chini na kidole. Akaniangalia. "Na ile ingine, ya kukumbatiana na banaume mu matope?" Mi huwa na jibu kwa kila kintu, muulize yeyote, siku ile nilikunywa maji.

Mwishoni alikata shauri: atakuya siku moja, ataketi, ataona na macho yake. Kama ni mchezo ya mwanaume, tutazungumuza. Kama ni panzi, Tshiela ataolewa na mwanaume mujane mumoja wa Likasi mwenye kamioneti, na jina ya Kisimba isitajwe tena mu nyumba yake. Tshiela alilia mu cherehani mupaka sindano ikashika kutu; mi niliona ile sindano.

Siku ilipangwa: siku ya Mungu, mwezi wa ine, Aprili, ibada ikiisha. Batu ba reli ba Luanshya balikubali kuvuka mupaka na kucheza na sisi ku kiwanja nyuma ya magazini. Tata Kisimba alitufundisha usiku na muchana. Hakutaka kushinda, alitaka paka tata mukwe yake aone.

Gari ya oparleri, ya bipaza sauti, njo iliharibu bitu. Mwenye kutangaza alikuwa citoyen Mbuyi. Mupaka mwezi wa pili alikuwa Omer, kisha tukaacha majina ya kizungu. Na ukimuita Omer alikuwa anageuka, halafu anaangalia kama nani amesikia. Mbuyi hakujua krike ni kintu gani, na aliona aibu kuuliza. Akazunguka cité yote, mitaa ya bafanyakazi, sauti mpaka ku Musonoi: "Siku ya Mungu! Saa tisa! Nyuma ya magazini! Krike mingi kutoka Zambia! Kuingia ni bure!"

Mwezi wa ine, jueni, panzi iko na mafuta, tamu ya kukaanga.

Saa nane kiwanja ilikuwa imejaa bamama. Nasema bamama, na kila mumoja beseni ku kichwa. Bengine balibeba mifuko, bengine mafuniko ili panzi isiruke. Mama mumoja alileta chumvi na sufuria kabisa. Bageni ba Luanshya balishuka ku lori na nguo zabo nyeupe, bakaona batu, bakaguswa mu roho. Kwabo krike inaangaliwa na bazee babili na imbwa. Kapitene wabo aliinua kofia. Bamama baliangalia mu kofia. Haikuwa na kintu.

Tata Badibanga alifika na kiti yake mwenyewe na abakosti mupya, koti ya bakubwa bila tai, akaketi ku mupaka ya kiwanja, akakohoa. Na nyuma yake, beseni ya bluu ku kichwa, nani? Dada yangu Kanku, mama ya Tshiela! Alikuwa amesikia oparleri sawa bengine. Bwana yake alikuya kuona mukwe. Yeye alikuya kutafuta mboga.

Tukaanza. Mugeni anatupa, sisi tunapiga. Kisha tukabadilisha, sisi tunatupa, bo banapiga. Bamama balingojea. Muda ukapita, minong'ono ikaanza. "Baziweke wapi hizo panzi?" "Labda ziko mu lori." "Bale beupe njo ba kugawanya, ngojea bamalize kukimbia." Mwishoni Mama Kanku aliinuka, akamufuata Mbuyi ku gari yake, akamusimamia mbele, beseni ku kichwa, mukono ku kiuno. "Omer!" Akageuka. "Panzi iko wapi?"

Wakati ileile mugeni mumoja, fundi wa boilari, mabega sawa mulango ya kanisa, alipiga mupira. Mi nilikuwa nyuma ya bijiti. Sikuuona, nilisikia paka sauti. Mupira ya krike ni ngozi juu na jiwe ndani, usidanganywe na rangi nyekundu. Ikapanda, ikakawia kule juu sawa inachagua, kisha ikashuka. Ilichagua kichwa ya dada yangu.

Tata Kisimba alikuwa mbali, upande ya ingine ya kiwanja. Musiniulize alipita wapi. Bengine banasema alipita kati ya miguu ya mwamuzi. Alikimbia mbio ya rugbi, kichwa mbele, na akanyoosha mukono ya krike. Mupira aliikamata juu kidogo ya beseni, mukono ya kuume, safi. Lakini mwili ya rugbi ikianza kuenda haina fureni ya kuisimamisha. Mukono ya kushoto ikamuzunguka Mama Kanku ku kiuno, bakaruka bote babili, na mu hewa Tata Kisimba akageuka vile balimu Bafaransa balimufundisha, ili mugongo yake njo ipige udongo. Bakaanguka. Yeye chini. Mama Kanku juu ya tumbo yake, ameketi muzuri, hakuna ata mukwaruzo. Beseni ilimufunika Tata Kisimba kichwa. Na pembeni ya beseni mukono mumoja umesimama, na mupira ndani.

Mwamuzi wa Luanshya akainua kidole: mupigaji ametoka. Bageni bapige makofi, bainue kofia. Bo peke yabo. Bengine sisi bote, bamama na beseni zabo, ata Mbuyi mu gari yake, tulishika bichwa. Juu kila mutu mu kiwanja alijua nani alikuwa anaomba Tshiela. Na kila mutu anajua bukwe, heshima ya mukwe: mutu hamugusi mama mukwe. Hamupi mukono. Akimuona mu njia anapita mu majani. Hamuangalii akikula. Akikosea, analipa mbuzi. Na huyu amemukumbatia mbele ya Kolwezi yote, siku ya Mungu, na kumubeba ku tumbo!

Tata Badibanga aliinuka na kiti ikamufuata. Hakukohoa ata. "Kisimba! Umeshika mama mukwe yako! Mama mukwe yako mwenyewe, mbele ya batu! Mbuzi! Leo leo, mbele ya jua kulala, mbuzi ya bukwe ku nyumba yangu!" Kisha akamuinua bibi yake, akamukunguta vumbi, bakaenda. Beseni ilibaki.

Tata Kisimba aliketi mu majani. Aliona kama imeisha, mujane wa Likasi ameshinda bila kushuka ku kamioneti. Mupira ilikuwa bado mu mukono, alisahau kuiachilia. Tshiela njo alikuya, akapiga magoti, akafungua bidole byake kimoja kimoja, akatosha mupira. Akasema neno moja tu: "Tafuta mbuzi."

Mi, wakati ile, nilikuwa nimeanza kucheka. Banasema ni roho mubaya. Lakini masikio ya mujomba yalikuwa yamesikia kintu, na kapita wa fonderi mwenyewe alikuwa bado hajasikia.

Mbuzi ilipatikana, dume, mweupe, mwenye hasira. Mbele ya jua kulala ilikuwa mu sufuria. Tata Kisimba, mutu wa kosa, alisimama inje ku lupango, mu uwanja ya nyumba, kofia mu mikono, mugongo ku nyumba asione bakubwa bakikula. Bamama balikuwa ku jikoni. Badibanga, mi na bazee ba jamaa tuliketi ku meza. Mi nilikula kidogo na kungojea. Niliangalia muguu ya mbuzi ikienda mu kinywa ya shemeki yangu, ikirudi, ikienda, mupaka ikabaki mufupa. Njo nikauliza, pole pole.

"Shemeki, nyama ni tamu?"

"Ni tamu."

"Mbuzi hii ni ya nini, kwani?"

"Muamba, uko na homa? Ni ya bukwe. Ule mujinga alishika mama mukwe yake."

"Mama mukwe ya nani?"

"Ya..." Na meno ikasimama.

Bazee baliacha kutafuna, mumoja kisha mwengine. Nikaendelea, na heshima yote, sawa mutu mwenye kuuliza bei ya chumvi. "Juu kama Kisimba haiko mukwe, shemeki, basi hakukuwa bukwe na hakukuwa kosa. Ni mutu wa bure alimuokoa mama ya batu asivunjwe kichwa, na shemashi akakula mbuzi yake. Ku kanisa batasema nini, sijui, mi nilifika mwaka ya tano tu. Lakini kama eko mukwe, mbuzi ni haki yako kabisa. Kula ata ubongo."

Shemeki yangu alikuwa na kipande kubwa mu shavu. Hakuimeza, hakuitema. Aliniangalia. Aliangalia bazee, bazee baliangalia sufuria. Inje, ku lupango, kofia ilikuwa inazunguka mu mikono ya Tata Kisimba sawa usukani ya lori.

Na nyuma ya ukuta, kutoka jikoni, sauti ya dada yangu Kanku: "Badibanga! Meza ao tema, tujue!"

Alimeza.

Njo vile Tshiela aliolewa. Siku ile ile Badibanga alinawa mikono, akakohoa, akasema nimuite mukwe yake asikae inje sawa muchungaji wa mbuzi, na mimi ni nyoka, na nisikanyage tena mu nyumba yake mbele ya siku ya posho, juu siku ya posho tutapanga mambo ya ndoa na atanihitaji. Mungu amuweke muzuri shemeki yangu, alitutangulia. Mupaka mwisho alikuwa anasimulia batu kama yeye mwenyewe alimuchagua Kisimba, alimuona mu krike, mikono mizuri. Na sisi tulimuachia.

Ya baki ni mafupi. Rugbi iliendelea. Siku moja ya mvua lori ya vipuri ililala mu matope mbele ya magazini. Mashini ya kuivuta iliharibika. Tata Kisimba aliita timu, tukaingia mele nyuma ya lori, ikatoka sawa jino. Kisha vita ya 78 ikafika hapa Kolwezi, bacoopérants balirudi kwabo, na batu ba Luanshya habakuvuka tena. Bijiti bikabaki mu kona ya magazini, na bengine banabitumia kufungia mulango. Yeye alibaki kazini. Habari ya mupira haisimulii sana mwenyewe; ananiachia mi, anajua nitaongeza.

Lakini kintu kimoja mukijue. Tangu siku ile ya ndoa, mutu huyu ambaye alimukumbatia mama mukwe mbele ya muji yote hajamugusa tena ata ukucha. Mama Kanku akiingia huku, yeye anatokea kule. Chumvi anaiweka juu ya kiti, anarudi nyuma, mama anaikamata. Na sasa Mama Kanku, mwenye nywele nyeupe, bila bwana, amesema ataenda nabo ku Mutshatsha, kwenye Tata Kisimba amepata shamba. Bandugu balimuuliza kama hataona taabu, nyumba moja na mukwe. Akajibu: "Ule mi najua kuanguka kwake. Nitaenda." Basi Tata Kisimba amejenga nyumba ya milango mibili, mumoja mbele, mumoja nyuma, bapishane bila kukutana. Mutu mwingine angejenga ukuta. Yeye alijenga mulango.

Tata Kisimba, sisi ba magazini tunakushukuru kwa miaka yote hii, kwa ampuli ile, kwa lori ile, kwa kila kintu hakikuanguka juu ulikuwa karibu. Tunakuombea afya, mihogo minene, bajukuu ba kelele, na mikono isiyotetemeka. Zawadi ya kazi ni beseni ya bluu, juu ile ya zamani ingali na alama ya kichwa yako. Mwezi wa ine ikifika, kule Mutshatsha majani ni marefu. Ijaze panzi, Tata, mupaka juu. Uiweke ku mulango ya mbele, urudi nyuma sawa mukwe muzuri, na uache mama ya batu apate sasa kile alikuya kutafuta.